Kuwarudisha Kliniki Watoto Walioruka Chanjo Wakati wa Janga: Mwongozo Kamili kwa Zahanati na Vijiji vya Mtwara na Lindi

Kazi hii hushindikana kwa namna ileile. Tangazo linatolewa msikitini na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nesi anafika na kibebeo cha chanjo. Wanakuja akina mama saba, na watatu kati yao watoto wao wameshamaliza. Chupa ya surua haifunguliwi kwa kuwa "watoto hawatoshi", na wanne waliobaki wanaambiwa warudi mwezi ujao. Hawarudi.

Ukiuliza, utajibiwa kwamba wazazi wameogopa ugonjwa au wamekataa chanjo. Wapo wa namna hiyo, lakini si wengi kama inavyosemwa. Walio wengi walipitwa na tarehe moja wakati kliniki zimepwaya, wakaona aibu kurudi wakiwa wamechelewa, au walirudi wakakuta chanjo haitolewi siku hiyo. Mtoto wa namna hii hutafutwa kwa jina lake. Tangazo la jumla huwaleta wale wale ambao wangekuja hata bila tangazo.

Mwongozo huu ni kwa watoa huduma wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) na viongozi wa vijiji. Unafaa wakati wa UVIKO-19 na wakati wa mlipuko wowote unaowafanya watu waogope mikusanyiko.

## Vitu vya kuandaa

Kwa ajili ya orodha:

- Rejesta ya watoto ya zahanati ya miaka miwili iliyopita, na rejesta ya wazazi waliojifungulia hapo.
- Daftari kubwa moja, kalamu za rangi mbili, na kadi mpya za kliniki zisizopungua 20.
- Simu yenye salio. Bila hiyo nusu ya orodha haitapatikana.

Kwa ajili ya siku yenyewe:

- Kibebeo cha chanjo chenye pakiti zake zote za barafu, sponji ya juu na kipimajoto.
- Sindano zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika: za mililita 0.5, na za mililita 0.05 kwa BCG (chanjo ya kifua kikuu). Hesabu idadi ya sindano zitakazochomwa, kisha ongeza moja kwa kila kumi.
- Sindano za kuchanganyia: moja kwa kila chupa ya surua-rubella na moja kwa kila chupa ya BCG. Hazirudiwi.
- Sanduku la usalama la lita 5. Linabeba takriban sindano 100, na hufungwa likifika robo tatu.
- Adrenalini ambayo haijaisha muda, pamoja na jedwali la dozi kwa uzito.
- Barakoa, sabuni, madumu ya maji, kamba, mkeka na mizani ya kupimia watoto.
- Dawa ya klorini ya kufutia meza na mizani. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Utapata asilimia 0.5.

Watu watatu wanatosha: mchanjaji, mwandishi wa kadi na rejesta, na WAJA wa kupokea watu. Wakiwa wawili, asiachwe mwandishi. Mchanjaji anayeandika mwenyewe huishia kuandika jioni kwa kukumbuka, na makosa ya rejesta huanzia hapo.

## Hatua ya 1: Toa majina kwenye rejesta

Pitia rejesta mstari kwa mstari, ukijiuliza maswali matatu. Je, ana Penta 1 (dozi ya kwanza ya chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) bila Penta 3? Ametimiza miezi 9 bila surua-rubella ya kwanza? Ametimiza miezi 18 bila ya pili? Jibu likiwa ndiyo popote, jina linaingia daftarini.

Kisha linganisha na rejesta ya kujifungua na orodha ya kaya ya WAJA. Mtoto aliyezaliwa lakini hayumo kabisa kwenye rejesta ya watoto ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Mwandike kwa kalamu nyekundu.

Kila mstari uwe na: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina analoitwa kitongojini, kitongoji, namba ya simu, dozi anazodaiwa, na yuko wapi sasa.

Jina la kitongojini usilidharau. Rejesta inaweza kusema Salma Hamisi, na ukizunguka kijiji kizima kumuulizia Salma Hamisi usimpate, kwa sababu kila mtu anamjua kama Mama Shazi.

Safu ya "yuko wapi sasa" ndiyo inayopanga kazi yote inayofuata: yuko nyumbani, yuko shamba la mikorosho, amekwenda dago (kambi ya uvuvi) na wazazi wake, yuko kwa bibi, amekwenda Dar es Salaam, au yuko ng'ambo ya Ruvuma.

Angalizo. Kabla WAJA hajapiga hodi nyumba kwa nyumba, aketi kwanza na mwenyekiti wa kitongoji na kuipitia orodha. Kuna watoto waliohama na kuna waliofariki. Mama aliyefiwa asiulizwe mlangoni kwa nini mtoto hajachanjwa.

Utajua umefanikiwa kila WAJA akiwa na ukurasa wa kitongoji chake, wenye majina yanayohesabika, na kila jina lina alama: yupo, amehama au hayupo tena. Panga kwa kitongoji, usipange kwa tarehe ya kuzaliwa. WAJA hutembea kwa vitongoji.

## Hatua ya 2: Chagua siku na mahali kwa kufuata kazi za watu

Ratiba ya mkoba, yaani kliniki inayopelekwa vijijini, iliyobandikwa ukutani mwezi Januari haijui msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba hadi Desemba familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa na Nachingwea zinashinda shambani kuokota, na zingine zinalala huko huko kwenye vibanda. Kliniki ya saa tatu asubuhi kijijini itakosa watu hata kama kila mzazi anaitaka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka mkoba karibu na mashamba, chini ya mkorosho mkubwa ambao kila mtu anaujua. Ya pili ni kutumia siku za kupima korosho kwenye ghala la chama cha msingi, kwa kuwa familia itafika hapo kwa vyovyote. Wakati wa janga, njia ya kwanza ni bora. Ghalani kuna msongamano wa watu wazima wasiohusika na chanjo. Ukilazimika kwenda ghalani, kaa upande mwingine wa uwanja, mbali na mizani.

Pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara hesabu ni nyingine. Familia inayokwenda dago huweza kukaa wiki kadhaa kwenye kambi ya uvuvi. Muulize mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha ufukweni cha kusimamia uvuvi, kambi ziko wapi na chombo gani kinakwenda lini, halafu panga mkoba usafiri nacho. Wakati wa masika, vijiji vya Liwale na Kilwa ya ndani vinavyokatika kwa matope vipangiwe mapema kabla barabara haijafunga. Kipindi cha jando na unyago, baada ya mavuno, angalia kijiji gani kina ngoma wiki hiyo. Siku ya ngoma hakuna atakayekuja, na siku mbili baadaye watu wote wapo.

Gawa watu kwa saa. Mchanjaji mmoja na mwandishi mmoja wanahudumia vizuri watoto 8 hadi 10 kwa saa, ukihesabu na muda wa kusubiri. Kitongoji A kije saa mbili, B saa tatu, C saa nne. Watu wote wakiitwa saa mbili, utawakusanya hamsini chini ya mwembe mmoja, na mtendaji wa kijiji atakuwa na haki ya kukusimamisha.

Akikusimamisha hata kabla hujaanza, mweleze kwa utulivu. UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za halaiki zisitishwe kwa muda, lakini chanjo za kawaida za watoto ziendelee. Wengi walishika nusu ya kwanza ya ushauri huo. Watafiti waliopima hatari hizo mbili kwa nchi za Afrika mwaka huo huo walikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja cha UVIKO-19 kinachoweza kuletwa na kwenda kliniki, chanjo huokoa maisha ya watoto 84.

## Hatua ya 3: Mwite mzazi kwa jina, saa na dozi

Ujumbe mzuri una mambo manne: jina la mtoto, kinachodaiwa, siku na saa, na kwamba hakuna atakayegombezwa. Mfano wa kupiga simu au kufikisha kwa mdomo:

"Asalaam aleikum Mama Shazi, shikamoo kwa bibi hapo. Napiga kutoka zahanati. Shazi anadaiwa chanjo ya surua na dozi ya pili ya Penta. Tutakuwa chini ya ule mkorosho wa ofisi ya kitongoji Jumanne saa tatu. Hujachelewa, njoo na kadi. Kama kadi imepotea njoo vivyo hivyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta watu. Mama aliyepoteza kadi, au ambaye kadi yake imelowa mvua kwenye paa la makuti, hukaa nyumbani akihofia maneno ya kliniki kuliko anavyohofia ugonjwa.

Watoto wengi wa huku hulelewa na bibi mama akiwa shambani au mjini. Wakati wa UVIKO-19 wazee ndio walio hatarini zaidi, kwa hiyo omba shangazi au dada mkubwa amlete mtoto. Bibi akija mwenyewe apokewe, avae barakoa na ahudumiwe kwanza. Asirudishwe.

Kaya yenye mtu anayeumwa homa na kikohozi ipewe tarehe nyingine baada ya kupona, na jina libaki kwenye orodha. Yanayofutwa "kwa muda" huwa hayarudishwi.

## Hatua ya 4: Pakia kibebeo bila kugandisha chanjo

Watu huogopa joto na kusahau baridi. Penta, PCV (chanjo ya nimonia), IPV (polio ya sindano) na chanjo ya HPV (ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi) huharibika zikiganda, na chupa iliyoganda ikayeyuka inaweza isionyeshe dalili yoyote kwa macho. Matone ya polio na surua-rubella ndizo zinazoteswa na joto. Zote zinasafiri kwa nyuzi 2 hadi 8.

1. Toa pakiti za barafu kwenye friza, zipange mezani, usubiri. Usiziweke moja kwa moja kwenye kibebeo.
2. Kila baada ya dakika chache itikise pakiti karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, iko tayari. Asubuhi ya baridi inaweza kuchukua nusu saa au zaidi.
3. Futa maji ya nje, panga pakiti ubavuni mwa kibebeo, weka chanjo katikati ndani ya mfuko wa plastiki, na kipimajoto kati yao.
4. Maji ya kuchanganyia surua na BCG nayo yawe ya baridi, na yatoke kwa mtengenezaji yule yule wa chanjo hiyo. Kuchanganya na maji ya chanjo nyingine, au dawa nyingine yenye chupa inayofanana, kumewahi kuua watoto sehemu mbalimbali duniani. Soma lebo mara mbili.
5. Funika kwa sponji, halafu mfuniko. Kibebeo kikae kivulini, na kwenye pikipiki kifungwe wima.

Angalia alama ya joto ya kila chupa: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukifanana rangi na duara au ukiwa mweusi zaidi, weka pembeni.

Idadi ya chupa ipatikane kwenye orodha ya Hatua ya 1. Ukiwa na watoto 13 wa surua na chupa ni ya dozi 10, beba chupa 3: mbili za orodha, moja ya wasiotarajiwa. Wasiotarajiwa huja daima.

## Hatua ya 5: Andaa kituo

Weka njia moja ya kuingia na nyingine ya kutokea. Mkeka wa kusubiria uwe mrefu, au chora alama kwa majivu kila baada ya mita moja. Kituo kiwe nje, penye upepo. Darasa la shule lisilo na madirisha ya kutosha halifai hata kama lina viti.

Maji ya kunawa ni shida ya kweli kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Sehemu za Newala na Tandahimba watu hununua maji kwa dumu, na ndoo yenye koki humaliza lita 20 kabla ya saa nne. Tumia kibuyu chirizi:

- Chukua dumu la lita 5. Kwa msumari wa moto toboa tundu moja dogo upande ulio mkabala na mkono wa dumu, chini kidogo ya shingo.
- Simika miti miwili yenye panda, laza mti wa tatu juu yake ukiwa umepita kwenye mkono wa dumu.
- Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye fimbo iliyolala chini. Ukikanyaga fimbo, dumu linainama na maji yanachirizika.
- Jaza maji yasifike kwenye tundu, la sivyo yatavuja yenyewe.
- Toboa mche wa sabuni, uning'inize kwa kamba pembeni.

Hakuna mkono unaogusa dumu, na maji yanatoka uzi mwembamba tu. Kila mtu anawe kwa sekunde 20 kabla ya kukaa.

Mizani ifutwe kila baada ya mtoto. Kama kila mama amekuja na kanga yake ya kumbebea mtoto kwenye mizani, tumia hiyo badala ya suruali moja ya kupimia inayozunguka watoto wote.

## Hatua ya 6: Soma kadi na uamue dozi za leo

Hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika, kwa hiyo tutakawia.

Hakuna kuanza upya. Mtoto aliyepata Penta 1 akiwa na wiki 6 na akarudi akiwa na miezi 14, leo anapata Penta 2. Kinga ya dozi ya kwanza haikufutika. Unaendelea pale kadi ilipoishia.

Nafasi ya chini ni wiki 4. Ratiba ya kawaida ni wiki ya 6, 10 na 14. Aliyechelewa hasubiri zaidi ya siku 28 kati ya dozi na dozi, isipokuwa pale inapotajwa hapa chini.

Zote zinazodaiwa, leo. Hakuna chanjo ya watoto kwenye ratiba hii inayozuia nyingine kutolewa siku moja. Chanjo hai za sindano, yaani BCG na surua-rubella, zisipotolewa siku moja zipishane kwa wiki 4.

Kwa kila chanjo:

- BCG. Kama haijaandikwa na bega la kulia halina kovu, mpe akiwa chini ya mwaka mmoja. Asipewe mtoto mwenye dalili za UKIMWI.
- Matone ya polio ya kuzaliwa. Hutolewa ndani ya siku 14 za kwanza. Zikipita, achana nayo, anza na OPV 1 (dozi ya kwanza ya matone ya polio ya ratiba).
- OPV na Penta. Dozi tatu. Aliyeanza Penta baada ya kutimiza mwaka mmoja, Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya tatu isubiri miezi 6 baada ya ya pili. Mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya kabla ya kuandika tarehe ya kurudi.
- PCV. Aliyeanza mapema anaendelea. Ambaye hajawahi kupata kabisa na ametimiza mwaka, dozi mbili zinatosha, zipishane wiki 8.
- Rota. Ni matone ya mdomoni ya kuzuia kuhara. Haitolewi baada ya miezi 24.
- IPV. Ya wiki 14. Ikiwa imerukwa, itoe leo.
- Surua-rubella. Miezi 9 na miezi 18. Mwenye miezi 20 bila dozi yoyote anapata ya kwanza leo, ya pili baada ya siku 28.

Mfano. Mtoto ana miezi 16. Kadi ina BCG, polio ya kuzaliwa, na dozi zote za wiki 6. Baada ya hapo ni tupu. Leo anapata OPV 2, Penta 2, PCV 2, rota 2, IPV na surua-rubella 1. Anarudi baada ya siku 28 kwa OPV 3, Penta 3, PCV 3, na rota ya tatu ikiwa kadi yake ina nafasi ya tatu. Akitimiza miezi 18 anapata surua-rubella 2. Ziara tatu, amemaliza.

Matone ya kampeni hayahesabiki. Baada ya virusi vya polio vya asili kuthibitishwa Malawi na Msumbiji mwaka 2022, matone yalitolewa nyumba kwa nyumba. Alama ya wino kwenye kidole ni ya dozi ya nyongeza. Mama akisema "walikuja nyumbani wakampa", mshukuru, halafu mpe mtoto zile za ratiba.

Mafua si kizuizi. Kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, homa ndogo, utapiamlo au kutumia antibiotiki havizuii chanjo. Kizuizi ni mzio mkali uliotokea baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiyo, au mtoto mgonjwa sana anayehitaji kupelekwa hospitali. Huyo mpe rufaa kwanza.

Fungua chupa kwa mtoto mmoja. Surua-rubella na BCG zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa siku ya huduma, kinachotangulia. Ni kweli dozi 9 zinaweza kupotea. Dozi zilizopotea huagizwa tena. Mama aliyetembea kutoka bondeni akarudishwa mikono mitupu hapatikani kirahisi hivyo. Surua inahitaji watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga ili isienee, na huyo mmoja unayemrudisha yumo kwenye hesabu.

## Hatua ya 7: Chanja

Matone kwanza, sindano baadaye. Mtoto anayelia hutema.

Penta, PCV na IPV huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Penta paja moja. PCV na IPV paja lingine, zikiachana sentimita 2.5, upana wa vidole viwili vya mtu mzima hivi. Surua-rubella ni chini ya ngozi, mkono wa juu wa kushoto. BCG ni ndani ya ngozi, bega la kulia, na ukiipiga sawasawa inainua kipele cheupe kama ganda la chungwa. Kisipoinuka umeingia ndani mno.

Mama amkumbatie mtoto kifuani, mguu mmoja wa mtoto ukibanwa kati ya mapaja yake. Wewe simama ubavuni, usiwe uso kwa uso naye.

Sindano ikitoka inaingia sanduku la usalama moja kwa moja. Hairudishiwi kifuniko.

Kila mtoto asubiri dakika 30, kivulini, kwa nafasi. Ukiona kupumua kwa shida, kuvimba uso, kulegea ghafla, toa adrenalini ya 1:1000, mililita 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja, na piga simu ya gari huku ukiendelea kumhudumia.

## Hatua ya 8: Mambo manne kabla hajaondoka

Leo amepata nini. Nini kinaweza kutokea. Lini arudi. Kadi ihifadhiwe wapi.

La pili lisiharakishwe. Homa na uvimbe siku moja au mbili ni kawaida. Anyonyeshwe zaidi, apewe parasetamo kwa uzito wake. Sehemu ya sindano isikandwe wala isipakwe mafuta au kitunguu. Surua-rubella inaweza kuleta homa na vipele vidogo kati ya siku ya 7 na ya 12, yaani wakati mama ameshasahau chanjo na jirani ameanza kusema yake. Mama aliyeambiwa mapema hashtuki. Kidonda cha BCG huja baada ya wiki mbili hivi na hakipakwi dawa.

Tarehe ya kurudi iandikwe kwa penseli mbele yake baada ya kumuuliza: "Siku hiyo utakuwa wapi?" Akisema atakuwa shamba la kijiji kingine, mpe jina la zahanati ya huko. Chanjo ni bure na kadi moja inafanya kazi kokote nchini.

Kadi iingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ikae ndani, mbali na makuti na mbali na mifuko ya salfa ya mikorosho.

## Hatua ya 9: Funga hesabu wiki hiyo hiyo

Hamisha kila dozi kwenye rejesta na kwenye mfumo wa kielektroniki siku hiyo. Kwenye daftari la orodha, kata kwa rangi ya pili waliopata. Wasiokatwa WAJA anawafuata ndani ya siku 7, akiwa na swali moja tu: nini kilikuzuia? Jibu liandikwe kama lilivyosemwa.

Nakala ya kadi ya kila mtoto iwekwe kwenye boksi lenye vigawanyo 12, kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Mwisho wa mwezi, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha mwezi huo ndio orodha yako mpya. Hupitii tena rejesta nzima.

Pima kazi hivi: idadi ya Penta 1 toa Penta 3, gawanya kwa Penta 1, zidisha kwa 100. Waliopata ya kwanza 60 na ya tatu 48 ni asilimia 20. Ikizidi 10, kuna mahali watoto wanavuja, na mara nyingi ni kitongoji kimoja au viwili. Hesabu kila kitongoji peke yake, wastani wa kijiji huficha.

## Yanayokwamisha, na la kufanya

Kadi imepotea na rejesta haina jina. Angalia kovu la BCG. Vingine vyote mhesabu kama hajapata, anza leo, toa kadi mpya. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Usimtume mama hospitali alikojifungulia kufuata karatasi.

Kadi ni ya Msumbiji. Vijiji vya kando ya Ruvuma huzipata sana. BCG na Polio zimeandikwa vilevile, na Sarampo ni surua. Nakili tarehe kwenye kadi ya hapa, endelea alipoishia, mrudishie na ile ya kwanza.

"Mnawachanganyia chanjo ya korona." Usibishane. Chukua chupa, mwonyeshe jina, kisha mwonyeshe jina hilo hilo kwenye kadi ambayo watoto wake wakubwa walichanjiwa. Chupa ifunguliwe mbele yake. Onyesho hilo linafaa kuliko hotuba, na likifanywa mbele ya nyakanga (kiongozi wa unyago) au imamu linafika mbali zaidi.

Mama anakataa sindano nne siku moja. Mweleze kwamba kulia ni mara moja badala ya safari mbili. Akishikilia msimamo, anza na surua-rubella na Penta, na mpe siku ya karibu kwa zilizobaki, ndani ya wiki hiyo kama inawezekana.

Shule zimefungwa na wasichana wamekosa HPV. Chanjo hii hupatikana zaidi shuleni, ndiyo maana shule zikifungwa hupotea bila mtu kuuliza. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chukua majina kwa mwalimu wa afya, yagawe kwa vitongoji, uwaongeze kwenye mkoba wa watoto wadogo. Wachanjwe wakiwa wamekaa na wabaki wamekaa dakika 15, kwani umri huo huzimia kwa urahisi na akianguka mmoja wengine watakimbia. Walioacha shule na walioko unyagoni hawamo kwenye daftari la mwalimu. Majina yao anayo mwenyekiti wa kitongoji.